UFA WA TAA NA CHETI CHA UKAGUZI

Wenye magari wengi, na hasa wale ambao gari lao moja ndilo shamba lao na ndilo duka lao, huingiwa na wasiwasi siku ya ukaguzi ikaribiapo. Asubuhi na mapema hulizunguka gari, hupiga matairi kwa mguu, hukanyaga breki, hujaribu honi. Kisha hufika mbele, na hapo macho yao hukutana na jambo ambalo wamelipita kwa miezi mingi bila kulitazama: kioo cha taa kina ufa. Swali huzuka mara moja. Je, gari litapita, au litarudishwa?

Swali hili si dogo. Gari la biashara lisilopata cheti halina ruhusa ya kufanya kazi, na gari lisilofanya kazi halimlishi mtu. Lakini wengi hukosea kwa kulitafutia jibu la neno moja. Yuko asemaye kwamba ufa ni ufa, gari litarudishwa. Na yuko asemaye kwamba maadamu taa yawaka, hapana neno. Wote wawili hawakuligusa jambo lenyewe. Yafaa kwanza kujua ufa uko mahali gani na unafanya nini.

Mfano wa mzee mmoja mkulima wa Kinangop waweza kulifafanua jambo hili. Mzee huyo ana pikapu ambayo huchukua kabichi na viazi kutoka Njabini, kupitia Flyover na Kinale, mpaka sokoni Nairobi. Huondoka saa tisa za usiku ili awahi wanunuzi wa alfajiri. Siku moja gurudumu la lori lilirusha jiwe, nalo likaipiga taa yake ya mbele ya upande wa kushoto. Kioo kikapasuka, na kipande kadiri ya ukucha wa kidole gumba kikaanguka. Mzee alitazama, akaona taa yawaka, akaendelea na safari. Mvua za masika zikaja, zikaenda. Majuma mawili kabla ya ukaguzi ndipo alipompelekea fundi gari lake.

"Fundi," akasema mzee, "nitilie gundi kidogo hapa nipite ukaguzi. Taa yenyewe haina ubaya, yawaka."

Fundi hakujibu. Alizisogeza kabichi zilizosalia ili gari likae sawa, akafunga mlango wa gereji kupunguza mwanga wa jua, akawasha taa. Kisha akatoka akasimama hatua kumi mbele ya gari.

"Mzee, tafadhali njoo usimame hapa nilipo."

Mzee akaenda akasimama. Taa ya kulia ilikuwa nyeupe na kali. Ile ya kushoto ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na chini yake ndani ya kioo maji yalikuwa yamekaa kama ndani ya kikombe.

"Ni kweli yawaka, Mzee," akasema fundi kwa heshima. "Lakini haikuonyeshi njia. Inawaonyesha wengine tu kwamba gari lipo."

Mzee akauliza bei ya taa nyingine. Alipoambiwa, alikaa kimya kitambo, maana fedha hizo zilikuwa faida ya safari mbili, na karo ya mtoto wake ilikuwa haijalipwa yote. "Na gundi je, haitatosha?" akauliza tena.

Kabla ya kusikiliza jibu la fundi, yafaa kutazama sheria yasemaje. Sheria ya Trafiki ya Kenya, ambayo ni Sura ya 403, ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1954, nayo imerekebishwa mara nyingi tangu wakati huo. Kifungu chake cha 55 hukataza gari kutumiwa barabarani isipokuwa gari lenyewe na sehemu zake zote, taa na matairi zikiwa miongoni mwake, ziwe zinatimiza masharti ya sheria. Tena husema kwamba sehemu hizo zitunzwe wakati wote katika hali ambayo gari likiendeshwa halitakuwa hatari kwa watumiao barabara wala kwa wale waliomo garini.

Maneno ya kushikwa hapo ni mawili. La kwanza ni "wakati wote". Sheria haikusema siku ya ukaguzi. Mkaguzi hutazama gari kwa dakika chache, lakini wajibu wa mwenye gari ni wa kila siku na kila usiku. Neno la pili ni "hatari". Mkaguzi haulizi kama taa inapendeza au kama ni mpya. Huuliza kama taa, jinsi ilivyo, yaweza kumdhuru mtu. Ukaguzi huo, ambao zamani ulikuwa mikononi mwa polisi, sasa husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, na ambayo watu wengi huijua kwa jina la NTSA.

Uingereza, ambako sheria nyingi za barabara za Kenya zilichukuliwa mwanzoni, imeliandika jambo hili waziwazi. Ukaguzi wa lazima wa magari yaliyozeeka ulianza huko mwaka 1960, na wakati ule ulihusu breki, usukani na taa za magari yenye umri wa miaka 10 au zaidi. Tangu tarehe 20 Mei 2018 kasoro zimegawanywa katika madaraja matatu: ndogo, kubwa, na ya hatari. Kioo cha taa ya nyuma kikiwa kibovu, lakini nuru yake haikuharibika, hiyo ni kasoro ndogo; gari hupita na mwenyewe huonywa. Kioo kikiwa hakipo, au ubovu wake ukiwa umeiharibu nuru, hiyo ni kasoro kubwa, na gari halipiti. Kanuni hizo ni za huko na hazimfungi mkaguzi wa Kenya. Lakini hekima iliyomo inafaa kila mahali, nayo ni kwamba ufa hupimwa kwa nuru. Urefu wa ufa si kitu. Kitu ni lile uliloitenda nuru ipitayo hapo.

Ili kufahamu jinsi ufa unavyoiharibu nuru, ni lazima kujua taa imefanywaje. Ndani ya taa ya mbele mna bakuli ling'aalo kama kioo cha kujitazamia, nalo limepakwa madini membamba mno. Balbu hukaa katikati yake. Bakuli huikusanya nuru ya balbu na kuitupa mbele. Katika taa za zamani, kioo cha nje kilikuwa na mifereji mifereji, nayo ndiyo iliyoigawanya nuru ikaenda chini na kando. Kioo cha namna hiyo kikipasuka, nuru hupotea njia: nyingine huruka juu na kuyapiga macho ya dereva ajaye, na barabara ikabaki na giza. Katika taa nyingi za siku hizi kioo cha nje ni plastiki ngumu isiyo na mifereji, na kazi ya kuigawanya nuru hufanywa na bakuli lenyewe. Hapo ufa mwembamba hauipotoshi nuru sana. Lakini hufungua mlango kwa adui mwingine, yaani maji.

Maji yakiingia ndani ya taa hufanya mambo matatu. Kwanza, hula yale madini membamba ya bakuli, nalo likapoteza mng'ao wake. Na bakuli lililofifia haliwezi kuoshwa likarudi kama zamani. Pili, balbu ya halojeni, ambayo katika magari madogo mengi huwa ya volti 12 na wati 55 au 60, hupata joto kali mno, na tone la maji baridi likiiangukia yaweza kupasuka papo hapo, hata katikati ya safari. Tatu, maji huleta kutu mahali nyaya zinapoungana, nayo taa ikaanza kuwaka na kuzimika gari linaporukaruka juu ya mashimo.

Zamani jambo hili lilijitangaza lenyewe. Tangu mwaka 1940 magari ya Marekani yalitumia taa ambazo kioo, bakuli na uzi wa balbu vilikuwa kitu kimoja kilichozibwa kabisa. Taa ya namna ile ilipopasuka, hewa iliingia, uzi ukaungua, na taa ikafa. Dereva hakuwa na la kubishana, alinunua nyingine. Baada ya kanuni za huko kubadilishwa mwaka 1983, taa zenye balbu ya kutolewa peke yake na vioo vya plastiki zilianza kuenea. Plastiki hustahimili jiwe kuliko kioo, ingawa hukwaruzwa na mchanga na kugeuzwa rangi na jua. Lakini taa za siku hizi huugua kimyakimya. Huendelea kuwaka huku zikififia usiku baada ya usiku, na jicho la mwenye gari huzoea giza linaloongezeka kidogo kidogo.

Taa za nyuma nazo zina hesabu yake. Kazi yake ni kuzungumza na mtu aliye nyuma, na lugha yake ni rangi. Nyekundu husema kwamba gari liko mbele yako, na ikizidi ukali husema kwamba dereva anakanyaga breki. Rangi ya chungwa ya indiketa husema kwamba gari litageuka. Kipande cha plastiki nyekundu kikianguka, nuru nyeupe hutoka nyuma ya gari, na dereva aliye mbali gizani huweza kudhani kwamba gari linakuja upande wake, au kwamba linarudi nyuma. Kosa kama hilo usiku halihitaji zaidi ya sekunde mbili kuleta msiba. Kwa hiyo ufa mwembamba katika taa nyekundu, ambao hautoi nuru nyeupe wala kuingiza maji, ni jambo la kuonywa. Bali tundu katika taa hiyo ni jambo la kurudishwa nyumbani.

Basi, mwenye gari asiye fundi aweza kujipima mwenyewe kabla ya kumfikia mkaguzi. Jioni giza linapoingia, aliweke gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, likiwa na mzigo wa kawaida, na matairi yake yakiwa na upepo wa kutosha. Awashe taa na kuziinamisha. Nuru mbili zitaonekana ukutani. Zapasa kulingana kwa weupe, na ukingo wake wa juu uwe chini ya kimo cha taa zenyewe kwa sentimita 10 hivi. Nuru moja ikiwa ya njano na nyingine nyeupe, au moja ikiwa imetawanyika bila ukingo, ufa huo umekwisha kufanya kazi yake mbaya. Kisha mtu mmoja akanyage breki na mwingine asimame nyuma atazame rangi. Mwisho, taa ishikwe kwa mkono na kutikiswa taratibu. Taa inayocheza katika kiti chake haiwezi kuelekeza nuru, hata kama kioo chake ni kizima.

Gari likioshwa, kioo pia kitazamwe. Ukungu mwepesi unaokauka baada ya taa kuwaka kitambo si jambo la kutisha, maana taa nyingi zina matundu madogo ya kupumulia. Lakini maji yanayosimama chini ya kioo ni ushahidi kwamba taa imefunguka. Ufa mdogo ambao haujaingiza maji waweza kuzibwa kwa gundi safi isiyo na rangi, ikauzuia usikue. Na anayebadilisha balbu ya halojeni asiiguse kioo chake kwa vidole vitupu, kwa sababu mafuta ya ngozi huifanya ipate joto isivyo sawa, nayo haitadumu.

Ziko njia mbili ambazo watu wengine hupendelea kuliko hizo, na zote mbili hazifai. Ya kwanza ni kuazima. Mtu huchukua taa ya gari la jirani, akaifunga kwenye gari lake asubuhi ya ukaguzi, akapata cheti, na jioni akairudisha ile iliyopasuka mahali pake. Mtu huyo amepata karatasi na amebaki na giza. Ya pili ni kumtafuta mtu wa katikati langoni, na kumpa kitu kidogo ili mkaguzi afumbe macho. Sheria ya Kuzuia Hongo ya mwaka 2016 humshika mtoaji pamoja na mpokeaji. Lakini hata kama sheria haingemshika, barabara haipokei hongo. Punda aliyesimama gizani hajui kwamba gari linalokuja lina cheti.

Na hapa turudi kwa mzee wa Kinangop, aliyeuliza kama gundi haitatosha.

"Mzee," akajibu fundi, "gundi ingetosha siku ile jiwe lilipopiga, kabla maji hayajaingia. Sasa bakuli limekwisha liwa. Nikiziba, nitakuwa nimeyafungia maji ndani." Kisha akaongeza, "Na hii ni ya kushoto."

Mzee alilifahamu neno hilo mara moja. Katika nchi ambayo magari hupita upande wa kushoto, taa zilizoinamishwa hutupa nuru yake mbali zaidi upande huo wa kushoto, ukingoni mwa barabara, ili zisimuumize macho dereva ajaye. Na ukingoni ndiko wanakopita watu. Waendao kwa miguu ndio walio wengi zaidi miongoni mwa wanaouawa katika barabara za Kenya. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akichelewa kumwona mtu kwa sekunde moja tu, mita hizo 22 zimekwisha kwenda.

Mzee alikumbuka alfajiri moja karibu na Kinale, ukungu ukiwa umelala juu ya barabara. Mtoto wa shule, aliyetumwa maziwa mapema, alitokea ubavuni mwa gari ghafula, karibu sana hata mzee akaiona rangi ya mtungi wake. Siku ile alimlaumu mtoto. Alimlaumu pia mzazi wake, na ukungu. Sasa alisimama mbele ya gari lake mwenyewe, akaitazama ile nuru ya rangi ya chai, wala hakusema neno.

"Niandikie bei," akasema mwishowe. "Kesho nitashuka Nairobi."

Alinunua taa iliyokwisha kutumika katika Kirinyaga Road, barabara ambayo wazee huikumbuka kwa jina la Grogan. Fundi alikuwa amemwonya asichukue taa kwa kutazama kioo peke yake, bali amwombe muuzaji aiwashe kwa betri, alitazame bakuli la ndani, na ahesabu miguu ya kufungia kama haikuvunjika. Tena ahakikishe kwamba taa ni ya gari la nchi ziendazo kushoto, kama Japani, kwa kuwa taa iliyofanywa kwa ajili ya nchi ziendazo kulia hutupa nuru yake upande wa wanaokuja. Karo ilichelewa kwa muda wa juma moja, na mzee alikwenda mwenyewe kumweleza mwalimu mkuu.

Siku ya ukaguzi mkaguzi aliitazama taa mpya bila kusimama. Alisimama nyuma. Huko, katika taa nyekundu ya kulia, alikuta ufa mwembamba kama unywele, ambao mzee hakuwahi kuuona. Mkaguzi aliugusa kwa kidole, akaamuru breki ikanyagwe, akaitazama rangi. Ilikuwa nyekundu, haikutoka nyeupe, na ndani palikuwa pakavu.

"Mzee, ufa huu uzibe mapema," akasema. "Ukiuacha mpaka kipande kianguke, hutapita tena."

Kisha akatia sahihi.

Hivyo katika gari moja palikuwa na nyufa mbili na hukumu mbili. Mmoja ulikuwa umeiharibu nuru, nao ulistahili kuondolewa hata kama mkaguzi asingeuona. Wa pili ulikuwa haujaidhuru nuru, nao ulipata onyo. Mwenye gari akitaka kujua kama taa yake itapita, asianze kwa kuuliza mkaguzi ni mkali au mpole. Azime injini, awashe taa, aende asimame barabarani mahali anaposimama mtu mwingine, atazame. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mzee wa Kinangop alijenga ukuta kwa faida ya safari mbili, na ilikuwa rahisi.